Nilikuwa ampaya wa kriketi wa kimataifa, sikio langu likanistaafisha

Wakuu, habari za jioni. Asiye na haraka akae hapa kidogo. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, naishi Mabatini hapa Mwanza. Kriketi niliianza kwa kumsindikiza mwalimu mwenzangu uwanjani. Wakakosa mwamuzi, nikavalishwa koti jeupe. Kozi juu ya kozi, nikajikuta nachezesha mechi za mataifa: Kigali, Windhoek, hadi Doha.

Kwetu Misungwi mpaka leo wanajua mimi ni refa wa mpira wa miguu. Nimeacha kuwaelewesha.

Kwa msioujua mchezo: mpira ukigusa gongo la mpigaji (si ile ya kunywa) hata kidogo, ukadakwa kabla ya kutua, katoka. Mguso huo mara nyingi huuoni, unausikia tu.

Sasa, Kampala. Timu nzima ikaruka inadai mpigaji katoka. Mimi sikusikia kitu. Nikatikisa kichwa.

Mpigaji akasimama kidogo, akavua glovu, akaondoka mwenyewe. Akipita kwangu akasema taratibu, "Uligusa, bosi. Samahani."

Aisee. Eti samahani anaomba yeye!

Mapumziko, ampaya mwenzangu, Mkenya mmoja mstaarabu sana, akaniuliza, "Mwalimu, kweli hukuisikia ile sauti? Mimi niliipata nikiwa kule pembeni."

Nikasema ni upepo. Hakukuwa na upepo.

Nyumbani nikamsimulia mke wangu, Mhaya wa Muleba, huwa hazunguki. Akanitazama. "Baba Koku, nikikuita kutoka kushoto huitiki. Nilidhani umenichoka."

Hiyo iliniuma kuliko ya Kampala.

Hospitali wakapima. Sikio la kushoto limepungua nguvu, na halitarudi.

Wakati huo nilishateuliwa kwenye mashindano makubwa kuliko yote niliyowahi kupata. Hakuna aliyeniuliza habari za masikio. Ningeweza kwenda tu.

Wiki nzima, vipindi vikiisha nashuka ziwani, nakaa kwenye mawe, najitetea kama wakili. Mguso mdogo vile unatokea mara ngapi? Halafu najiuliza: na asipopatikana mchezaji muungwana kama yule? Mtu atafungwa mechi ya maisha yake kwa sababu yangu.

Nikaandika email ya kujitoa, nikaeleza sababu yote. Nilipoituma nikaingia bafuni nikalia. Mtu mzima.

Nafasi ile akapewa yule Mkenya. Siku hizi nafundisha waamuzi wapya kila Jumamosi. Mmoja wao, dada muuguzi wa Usagara, ameshapangiwa mechi yake ya kwanza nje ya nchi. Nilimsindikiza airport. Nilifurahi, na wivu nilikuwa nao, sitawadanganya.

Nilichojifunza: kama kazi yako inaamua hatma ya wengine na unajua umepungua, sema mwenyewe kabla hawajaumia. Bado naikumbuka kazi ile kila wiki, ila sijawahi kutamani ile email irudi.

Kuna mtu humu aliacha kazi anayoipenda huku bado anahitajika? Ulijuaje siku imefika? Nawasoma.