Christiane na chupa zilizojaa nusu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Christiane Monga amepiga magoti katika bustani ya lenga-lenga, yaani mchicha, pembezoni mwa Lubumbashi, na hamwamini mtu. Bomba jembamba alilolichomeka ardhini jana analikagua mara mbili kabla ya kuvuta maji ya udongo kwa sindano.

Mwenye bustani, mama Agnès, mjane wa miaka sitini na mmoja, amesimama karibu yake, mikono kiunoni. Naye hamwamini Christiane.

“Banakuyaka na machupa, banabeba mayi, banaenda,” anasema. “Siye tunabakia na mboga tu.”

Ana sababu. Kiwanda cha shaba kilicho upande wa juu wa bustani kiliahidi kumchimbia kisima endapo vipimo vingeonesha kwamba shaba imebaki ndani ya maji ya udongo wake. Kwa miaka miwili ripoti zimesema haimo. Lenga-lenga zinazidi kuwa njano, na wajukuu wake ndio wanaozila.

Ripoti hizo hutoka kwa Christiane. Ana miaka arobaini na mitatu, baba yake alikuwa fundi wa reli, na anafanya kazi katika maabara ndogo mtaani Bel-Air, ambako umeme ukikatika mara nne tu kwa siku husemwa kwamba siku ilikuwa nzuri. Anaingiza kwenye programu ya kompyuta joto la maji, uchachu wake na madini yaliyomo. Programu inamjibu kwa namba. Ikizidi sifuri, shaba inaganda na kuwa malakiti, lile jiwe la kijani ambalo kila Mkatanga analijua. Ikishuka chini ya sifuri, shaba inabaki majini na mizizi inainywa.

Kwa bustani ya mama Agnès jibu lilizidi sifuri kila mara. Mwezi uliopita Christiane aliingiwa na shaka. Akajiuliza: udongo wenye malakiti nyingi hivyo, mbona hauoneshi ukijani wowote?

Kwanza alikishuku kiwanda, kama ambavyo wengi wetu tungefanya. Akaja mwenyewe na kipima uchachu. Kule maabara maji yalisoma 7.4. Hapa, yakiwa yametoka ardhini sasa hivi, yalisoma 6.4, yaani yana uchachu zaidi. Programu ikageuza jibu: chini ya sifuri.

“Ordinateur haijuake bongo,” anasema. “Ukiipatia chiffre ya bongo, itakurudishia bongo na virgule mbili.” Yaani kompyuta haitambui uongo: ukiipa namba ya uongo, inakurudishia uongo wenye desimali mbili.

Alimwendea Clément, mwendesha pikipiki wa makamo anayezijaza chupa bustanini na kuzisafirisha hadi maabara. Clément hakuficha kitu. Alikuwa akizijaza nusu.

“Ukijazaka sana, mu jua chupa inapasuka,” alimwambia. “Hata mafuta ya ngazi, haya ya mawese, tunaachiaka nafasi.”

Katika nafasi hiyo gesi iliyoyeyuka majini ilitoka njiani, uchachu ukapungua, na ndani ya kompyuta shaba ikaganda bila kuganda ardhini.

Mwandishi wa makala haya alimuuliza Christiane kama kiwanda kilimwagiza Clément. Christiane alicheka kwa uchungu. Swali hilo alishajiuliza, tena kwa hamu, hadi alipofungua daftari la kupokelea chupa. Mara kumi na moja lilikuwa limeandikwa: chupa zimefika salama. Mara zote kumi na moja, sahihi ilikuwa yake.

“Nilikuwa naangalia bote,” anasema, “miye mwenyewe sikujiangalia.”

Leo amekuja kumweleza mama Agnès ana kwa ana. Anaeleza polepole, kichwa chini. Mama Agnès anasikiliza hadi mwisho. Inauma kumtazama Christiane akingoja.

Nia ya Christiane ni kurudia vipimo vyote kumi na moja hapa hapa bustanini, chupa zikijazwa hadi zimwagike, kisha kukipelekea kiwanda ripoti mpya yenye maelezo ya kosa lake. Anajua huenda maabara ikamfukuza. Anatumaini kisima kitachimbwa kabla ya mvua.

Anajaza chupa ya kwanza, anaifunga, anaandika jina lake juu yake. Anapotaka kuiweka kikapuni, mama Agnès anaidaka mkononi mwake.

“Jaza ingine,” anasema. “Hii itabakia kwangu.”

Christiane anapiga magoti tena na kuvuta sindano.