Ushahidi wa Patron

Patron, mwenye duka letu huku ughaibuni, anauza sombe, yaani majani ya muhogo, ya barafu na unga wa muhogo nyuma ya Porte de Namur. Kwao ni Asia, nchi ya Waislamu wengi. Sitaitaja, maana bado nanunua kwake. Alipokuwa mtoto, wakati wa vita, alimwona jirani akiwaonyesha askari mlango wao kwa kidole. Baba yake alitoka nao, hakurudi. Jirani huyo leo ni kiongozi wa chama cha dini, na mahakama ya kwao inatafuta mashahidi. Barua ya ushahidi ya patron ilikuwa tayari, ilibaki sahihi tu.

Shemeji yake, mtu wa chama hichohicho, alikuja kuizuia. Nilikuwepo.

"Mzee unayemshtaki amehiji mara tatu," alisema. "Na ndevu nyeupe namna ile!"

Niliuliza kama wakati wa vita zilikuwa nyeupe pia.

"Maman, wewe ni Mkristo. Haya hayakuhusu."

Bon, hapo alinishika. Kwetu Kivu namjua mmoja aliyechoma vijiji; leo ni mchungaji huku huku Laeken, na anasema damu ya Yesu ilifunga dossier, faili la makosa yake. Nimeimba kwaya kwake, tena kwa furaha. Alors, nani amcheke nani?

Shemeji akaongeza kwamba mahakama ile iliundwa na mahasimu wa chama, na majaji hutazama uso wa serikali kwanza. Sikusoma sana, lakini nadhani nusu ya hayo ni kweli. Iliniudhi, ningependa awe mwongo mzima.

"Mwachie Mungu," alimaliza. "Na wakwe wa binti yako ni watu wa chama. Unataka harusi ivunjike?"

Mungu na harusi, kwa pumzi moja.

"Mungu atahukumu yake," alijibu patron. "Mimi nimeulizwa niliona nini. Maman, una kalamu?"

Nilisita: kumpa kalamu si kuchagua upande? Nikampa. Akasaini. Shemeji akatoka mbio kuwapigia wakwe simu.

Binti mwenyewe alikuwa pale pale, akipokea wateja. Ndipo nilipoona kwamba sisi wapenda haki watatu hatukumuuliza neno. Nikamuuliza, kwa aibu.

"Tonton asihangaike kuwapigia simu," alisema. "Jana nilimsomea mchumba wangu barua yote. Bado hajajibu."