Tangi la Bahari Kando ya Kitanda

Kliniki ya meno nilikokuwa nikifanya usafi iliamua kuweka televisheni mahali palipokuwa na tangi la samaki wa baharini. Samaki wenyewe walikuwa wameisha, mmoja mmoja. Mkubwa wangu akaniambia nikitaka kile kioo nikichukue, la sivyo kitatupwa. Nilikipakia kwenye mkokoteni jioni hiyohiyo, pamoja na pampu, hita na taa yake, nikakisindikiza mpaka kwetu Kawangware nikiwa nimekishika kwa mikono miwili.

Mume wangu alikuwa katika mwaka wake wa pili kitandani. Alikuwa mwashi, Mkamba wa Machakos, na alianguka kutoka orofa ya tatu ya jengo walilokuwa wakijenga. Tangu siku hiyo miguu yake haikusikia kitu. Watoto hatukujaliwa. Tuliishi chumba kimoja, na kutoka pale alipolala aliona ukuta, kabati, na kipande cha ua wa ploti nilipoacha mlango wazi. Nilimwambia nimemletea kitu cha kuangalia. Ukweli ni kwamba nililitaka tangi lile mwenyewe. Miaka niliyopangusa kioo chake pale kliniki nilikuwa nikilionea wivu, kwamba kitu kinaweza kukaa safi namna ile katikati ya Nairobi.

Mamangu, anayeuza omena, dagaa wa ziwani, Kisumu Ndogo kule Kibera, alicheka aliposikia. "Samaki ya kuangalia? Na wewe nilikulea juu ya gunia la omena?" Kisha akaniuliza kama mgonjwa anakula vizuri.

Nilitaka kulikalisha tangi juu ya meza. Mume wangu akainua mkono.

"Usiweke kwa meza. Maji ni mzito, hiyo itapasuka. Tafuta mawe ya kujengea, kumi na mbili. Na ubao."

Nikatafuta. Alinielekeza kutoka kitandani jinsi ya kuyapanga, akanifanya niyapangue mara mbili kwa sababu pembe moja ilikuwa imeinama, upana wa kucha tu. Nilikasirika. Lakini tangu aanguke sikuwa nimemsikia akitoa amri, na niliyapanga mara ya tatu.

Fundi aliyekuwa akihudumia tangi la kliniki alikuja Jumapili kunionyesha mengine. Chumvi ya jikoni haifai. Ni chumvi maalumu, tena unaichanganya kwenye maji yaliyochujwa. Unatia mawe yaliyotoka baharini, yenye vijidudu vyake, halafu unangoja wiki nyingi bila samaki hata mmoja, mpaka sumu inayojitengeneza majini iishe. Wakati wa kuondoka, fundi alisimama mlangoni.

"Dada, hii kitu ni kama mgonjwa wa ICU. Stima ikipotea masaa kadhaa, hewa inaisha kwa maji. Nunua pampu ya betri."

"Nitanunua mwisho wa mwezi," nikasema.

Mume wangu ndiye aliyengoja zile wiki. Mimi nilikuwa kazini. Alipima maji kila asubuhi kwa matone yanayobadilisha rangi, akaandika matokeo ukutani kwa penseli yake ya uashi. Mawe yaligeuka kahawia, yakaota utelezi, na jirani akaniuliza kwa nini nafuga matope. Kisha siku moja matone hayakubadilika rangi; sumu ilikuwa imekwisha. Fundi akatuletea samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na kipande cha tumbawe la kijani chenye vidole laini vilivyochezacheza pampu ilipovuma. Mume wangu alihamishia mto upande ule wa kitanda. Alianza kunyoa ndevu tena. Sitaki kusema alipona. Vidonda vya kulala vilikuwa palepale kiunoni na nilivisafisha kila jioni. Ila alikuwa na jambo la kuniambia nilipoingia.

Mwisho wa mwezi ulipita, na mwingine. Pampu ya betri sikununua.

Transfoma ya mtaa ililipuka Ijumaa asubuhi. Kabla ya kutoka nilimpa kikombe cha plastiki. Nikamwambia achote maji na kuyamimina kutoka juu, ili hewa iingie. Mikono yake ilikuwa bado ya mwashi. Nilirudi nikakuta samaki wako hai na yeye amejaa majivuno. "Nimekoroga bahari yote, Mjaluo," aliniambia.

Jumamosi stima haikuwa imerudi. Samaki walikuwa wamepanda juu, midomo ikigusa hewa. Mume wangu alikuwa amechoka, uso ulionyesha, nami niliona.

"Leo wacha tu, mzee," nilipaswa kusema. Nilichosema ni, "Usiwaache. Nusu siku tu, nitakuwa nimerudi."

"Enda kazi," akajibu.

Nilirudi saa tisa. Alikuwa sakafuni kati ya kitanda na mawe, amelalia ubavu, nguo zimelowa maji ya chumvi. Alikuwa amejivuta zaidi ili aifikie kona ya mbali ya tangi. Nyuma ya ukuta wetu kuna kanisa la Wasabato, na siku ile waliimba kwa ngoma tangu asubuhi.

"Niliita," aliniambia. "Walikuwa wanaimba." Kisha, kabla sijamshika: "Angalia kama wako."

Mmoja alikuwa amekufa. Yule mwingine alikufa tukimngoja mwenye gari la kutupeleka hospitalini.

Vidonda vya kiunoni vilikuwa vimepasuka vikaloa chumvi kwa muda wa saa nne nzima, naye hakusikia. Vilioza. Alilazwa wiki tano. Nyumbani, mawe ya bahari yalianza kunuka mpaka majirani wakalalamika, nikachota maji yote kwa ndoo na kuyamwaga mtaroni. Tumbawe lilikuwa limeyeyuka, limekuwa kama makamasi. Alipotolewa hospitalini, kaka yake alikuja kumchukua, akasema Machakos kuna watu wa kumgeuza mchana kutwa. Sikubisha. Nilimtembelea mara mbili. Mara ya pili hakuwa akizungumza sana, lakini aliniuliza kama nilinunua ile pampu. Nikasema ndiyo. Nilidanganya.

Alifariki kabla ya mvua za masika. Baada ya mazishi, dada yake alinikuta nyuma ya jikoni nikiosha sufuria. Aliinama akashika upande mmoja wa sufuria, tukaisugua pamoja kwa muda.

"Wanasema alianguka kwa sababu ya samaki," alisema bila kuniangalia. "Ni ukweli?"

"Ni ukweli," nikasema. "Mimi ndiye nilimwambia asiwaache."

Akaachilia sufuria, akajifuta mikono kwa leso, akaingia ndani.