Alivyomshinda Baba Mkwe Mara Mbili

Habari za msiba zilinikuta stendi ya Kasulu, mkono mmoja una muhindi wa kuchoma, mwingine una tiketi ya safari ambayo, kama nyingi zangu, haikuwa na sababu ya maana. Fundi cherehani wetu wa Rusimbi, mjini Kigoma, amefariki, na kuzikwa ameshazikwa. Wasomaji wangu mtanisamehe: kitu cha kwanza kilichonitoka kilikuwa kicheko. Mtu yule alitufunga drafti sote, kuanzia Kasingirima hadi Ujiji, na huwezi kumkumbuka bila kwanza kukumbuka alivyokufunga.

Kijiwe kilikuwa barazani, mbele ya cherehani yake. Kete zilikuwa vizibo vya soda, na tulikuwa na desturi yetu moja isiyo na huruma. Ukifungwa, mshindi anachukua viatu vyako, anavipeleka hadi barabarani na kuvipanga vikielekea ulikotoka. Wewe unavifuata pekupeku huku watu wakikuaga. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nauza mitumba, na viatu vyangu viliijua barabara ile kuliko mimi. Hakuna aliyenuna. Kesho yake ulirudi kufungwa tena.

Ilikuwa ile miaka ambayo wakimbizi wa Burundi walikuwa wengi mkoani kwetu. Fundi alikuwa ameoa binti wa Kirundi, mshonaji mwenzake, na baba mkwe wake aliishi kambini. Wakati fulani mzee akapata kibali cha siku chache kuja kumwona bintiye. Akapita kijiweni, akaomba acheze. Alicheza vizuri kiasi cha kutunyamazisha, lakini mwishowe akafungwa. Fundi, amelewa ushindi, akabeba katambuga za mzee, viatu vya tairi, hadi barabarani, akafikiri kidogo, kisha akazigeuza zikatazama kaskazini, Burundi. Tulicheka. Nasema tulicheka, na mimi nimo. Mzee alizifuata taratibu, akazivaa, akaondoka. Alikuwa amekimbia nyumba inayowaka moto, na sisi tukamwonyesha njia ya kurudi.

Mkewe fundi hakupiga kelele. Alimwambia tu kwamba Jumatatu, kibali kikiisha, ataondoka na baba yake, na kwamba nguo zake ameshazikunja. Fundi alinijia akiwa amenywea kabisa. Ushauri niliompa ulikuwa wa kipumbavu: amwombe mzee wacheze tena, na safari hii akubali kufungwa.

Jumapili baada ya ibada, baraza lilijaa. Mke alisimama mlangoni, hakuketi. Fundi akaanza kuacha kete wazi hovyo hovyo. Mzee alikula ya kwanza, akala ya pili, ya tatu hakuigusa. Akakunja mikono.

"Oya, mkwe wangu," alisema, yaani hapana kwa Kirundi. "Juzi ulinicheka mbele za watu. Leo unanihurumia mbele za watu. Huruma nimeshapangia foleni ya kutosha kule kambini. Cheza."

Wakapanga kete upya. Fundi alitokwa jasho, kwa maana mzee naye alikuwa amelala akiuwaza ule ubao. Mchezo ulivutana mpaka wauza samaki wa migebuka wakaacha beseni zao wakaja kutazama. Fundi akashinda, kwa kete moja tu. Sote tukazitazama zile katambuga. Hakuzigusa. Alipiga goti, akatoa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko.

"Shikamoo, baba. Nilikukosea. Ile kete yako ya pembeni imekaribia kuniua. Nifundishe."

Mzee alicheka hadi akafuta macho, akasogeza kigoda, akaanza somo. Mmoja wetu akasema sasa tumekwisha, huyu akifundishwa na wakwe hatutamfunga maisha. Ndipo mke akasema kutoka mlangoni kwamba baba ataondoka kesho peke yake. "Mimi nabaki. Mkishamaliza naye hapo, mnipe. Na mimi nina yangu ya kumfundisha."

Tangu hapo nimeishi miji mingi, na kila mahali nimekuta watu wa namna yetu. Fundi alimwita kila mteja bosi, hata aliyeleta suruali yenye viraka vitatu. Mkewe mwenyewe aliitwa kwa mluzi. Upole wetu tunaupeleka kwa wageni, na ukali tunawabakizia wale tunaojua kwamba hawataondoka. Halafu siku wanapokunja nguo, tunakimbilia kujifanya tumeshindwa, kana kwamba walichotaka ni ushindi. Mzee yule hakuutaka. Alikubali kufungwa na mkwewe mara mbili, mradi mara ya pili afungwe kama mtu.

Niliposhuka kwenye gari nilimpigia simu kaka yangu, ambaye tulikuwa hatujasemezana naye muda mrefu. Tulibishana juu ya mpaka wa shamba la marehemu mama, na nilishinda mimi. Bado naamini haki ilikuwa yangu, na sikumpigia ili nimrudishie ardhi. Nilimwomba radhi kwa yale niliyoyasema baada ya kushinda. Akaniuliza kama nimekula.