Kufuli la Pili kwenye Swichi Kuu

Bomba la jikoni lilimpiga Mama Nkandu Jumatatu asubuhi, akiwa anaosha vyombo. Si maji, ni umeme. Sahani ikaenda upande wake, naye upande wake. Alipokaa sawa hakulia. Alikwenda chumbani, akafunga nguo zake kwenye sanduku, akatia kufuli, akamwambia mumewe:

"Baba Nkandu, kwa wazazi wangu sikupigwa. Siwezi kuja kupigwa na bomba uzeeni. Nipo kwa dada. Nyumba ikiacha kunipiga, niite."

Mume huyo, Mzee Lombe, alichimba shaba chini ya ardhi katika mgodi wa hapa Mufulira miaka ishirini na saba. Mgodi ulipouza nyumba zake, alinunua hii hii aliyokuwa akikaa, pamoja na waya ambazo karibu zimzidi umri. Sisi majirani tulimwambia aite fundi. Akakataa.

"Fundi atatengeneza, ataondoka. Mke wangu ataniuliza mimi, 'Una uhakika?' Nitamjibu nini?"

Basi akaenda kufundishwa nyumba ya tatu kwa mzee Jere, tunayemwita Ba Jere kwa heshima, fundi umeme mstaafu wa mgodini, ambaye goti lake halikubali tena ngazi. Sasa, Ba Jere ni Mngoni na Lombe ni Mbemba, na watu hao ni watani tangu mababu zao walipochoka kupigana. Salamu zenyewe ni matusi: Mbemba ni mla nyani, Mngoni ni mla panya.

"Nimfundishe mla nyani umeme?" alisema Ba Jere. "Nyani mwenyewe anajua waya haushikwi."

"Na wewe umekula panya wote wa mtaa, ndiyo maana waya zangu bado zina ngozi. Asante. Chukua fimbo yako, twende."

Kabla hajagusa kitu, Lombe alizima swichi kuu, akaitia kufuli jekundu, akaning'iniza kipande cha boksi: MTU YUKO KAZINI. LOMBE. Ufunguo akauvaa shingoni. Ndiyo sheria ya mgodini: ukishika mtambo unafunga kwa kufuli lako, na halifungui mwingine hata awe meneja. Nyumbani alikuwa peke yake, hakuna wa kumwashia umeme isipokuwa mzimu, lakini kufuli lilikaa pale wiki sita. Alipika nshima, yaani ugali, na dagaa kwenye mkaa, simu akachajia kwa mwalimu wake.

Ba Jere alikaa juu ya kreti la soda na kufundisha kwa fimbo.

"Swichi inakata waya upi?"

"Huu mweusi."

"Hongera. Taa imezimika, waya wa moto bado uko hai, na wewe umekufa. Rudia."

Lombe alirudia, akachora kila chumba kwenye daftari la shule, waya wa moto kwa kalamu nyekundu. Mimi chuo nilikiacha nusu, na katika nusu hiyo sikuwahi kuwa na daftari safi namna ile. Alipasua kuta, akapitisha mabomba ya waya, akafunga soketi kumi na moja. Mbili zilikaa upande. Akasema ni ukuta.

Wiki ya sita Ba Jere alileta kipimo chake. Akapima, akapima tena, bila tusi hata moja. Asipotukana, ujue mambo ni mabaya.

"Waya wa ardhini umeufunga wapi?"

"Kwenye bomba la maji. Mgodi ndivyo ulivyofanya, nami nikafuata."

"Lifuate basi na bomba."

Lombe alichimba kutoka ukutani. Hatua nne tu, chuma kikaisha, plastiki ikaanza. Watu wa maji walibadilisha zamani.

"Waya wa hita ya maji ulichubuka," alisema Ba Jere taratibu. "Umeme ukaingia kwenye bomba kutafuta ardhi, ukakuta plastiki. Ukabaki unamsubiri mkeo."

Lombe alikaa kwenye udongo aliouchimba. "Ningemrudisha kwenye bomba lile lile," alisema. "Na waya mpya."

"Ndiyo maana nakula panya. Wananipa akili. Inuka."

Kesho yake alipigilia ardhini nondo ya shaba ya mita moja na nusu, akaunganisha nayo waya wa ardhini na bomba lenyewe. Jasho lilimtoka, na kulalamika kukamtoka pia.

"Miaka ishirini na saba umetoa shaba chini," Ba Jere akamwambia. "Leo unarudisha fimbo moja, unalia?" Akapima. "Haya. Mwite mama."

Mama Nkandu alikuja Jumamosi bila sanduku. Alizikagua kuta, akazitazama zile soketi mbili zilizokaa upande. Kisha akatoa kwenye mkoba kufuli la sanduku, akalifunga kwenye swichi kuu, kando ya lile jekundu.

"Umenihubiria mezani miaka yote: kila aliye kazini anafunga lake. Toa lako."

Lombe akatoa.

"Sasa nenda jikoni."

"Kufanya nini?"

"Kuosha vyombo."

Lombe akasimama kwenye sinki, mikono imelowa hadi viwiko, kashika bomba.

"Mtani," Ba Jere akaita kutoka kwenye kreti, "ukifa, baiskeli yako niachie mimi."

Mama Nkandu akafungua kufuli lake na kuwasha. Taa zikawaka, friji likakohoa.

"Baba Nkandu?"

Akachungulia upande wa jikoni.

"Baba Nkandu, upo?"

"Nipo. Sabuni imeisha."

Mama Nkandu alipumua, akachukua simu.

"Dada, niletee sanduku. Lifunge kamba tu, kufuli lake linabaki huku."