Wanamaji wa Mto Mkavu

Enzi zetu pale Mumbuni, hakuna mtoto aliyeitwa mwanajeshi hivi hivi. Waliopanda mpera wa jirani na kuturushia mapera mabichi walikuwa wanahewa. Waliotambaa vumbini mpaka sare ya shule ikabadilika rangi walikuwa wa nchi kavu. Mimi na binamu yangu Mutua tulikuwa wanamaji, na hapo ndipo palipokuwa na shida, maana mto wetu ulikuwa mchanga mtupu.

Mwanamaji wa Ukambani huchimba kwanza. Tulifukua mchanga kwa mikono na kipande cha kibuyu mpaka maji yatokeze, baridi, yakinukia udongo, kisha tukaziacha meli zetu za magunzi zielee. Kabla vita havijaanza, mama anatokea na mtungi. "Asanteni kwa kunichimbia. Haya, tokeni, mnachafua maji." Jeshi zima la wanamaji linasimama kando, limenuna, huku bahari yake ikitekwa yote. Tukilalamika anasema, "Meli hainywi uji. Nyinyi mnakunywa."

Vijana wa leo wanapigana kwenye simu, wamelala kochini, kinachotoka jasho ni kidole gumba tu. Nilidhani Mwende, kifungua mimba wangu, ni wa kundi hilo. Kumbe! Siku ya kusajili makurutu alikimbia uwanjani akawaacha wavulana nyuma, akachukuliwa.

Sasa mafunzo yamekwisha, na leo wanaambiwa wataitwa nani. Tangu asubuhi situlii. Nimefagia ua uliokwisha kufagiwa. Chai imepoa, nimeipasha, imepoa tena. Naomba awe mwanamaji, akae Mombasa apigwe na upepo, au hata mwanahewa. Wa nchi kavu ndio wanaotumwa mpakani, na hilo sitaki kulisikia.

Simu inalia.

"Mum, nimewekwa nchi kavu. Tunaenda mpakani hivi karibuni. Usikuwe na wasiwasi, sawa?"

"Sawa, mami," namwambia. "Mungu akutangulie."

Sauti yake imejaa furaha, nami nimejikaza hofu yangu isisikike. Amekata. Nimekaa, nimesimama, nimeshika ufagio tena. Naogopa, sitaficha. Enzi zetu vita viliisha mama alipoita watu wakale muthokoi, na waliokufa ndio waliokuwa wa kwanza kunawa mikono.