Mabomba Meupe Chini ya Boneti

Mume wangu alikuwa fundi mitambo kiwandani. Kiwanda kilipobinafsishwa, mwenye mali mpya alisema mashine zile hazina tena kazi, na watu wake vilevile. Siku aliyopewa barua, mume wangu alirudi nyumbani Mji Mpya na kisanduku chake cha spana. Hakuingia ndani. Alizunguka moja kwa moja hadi uani, kwenye gari.

Lilikuwa gari la Kifaransa la zamani, la milango minne, alilolinunua bovu kwa daktari mmoja mstaafu akalifufua mwenyewe. Mdogo wake, baharia, alikuwa amemletea kutoka Ulaya mabomba ya eksozi, yale manne yanayotoa moshi kwenye injini na kuungana kuwa moja. Yalipakwa kauri nyeupe, laini kama bakuli jipya. Mafundi wenzake walikuja kuyatazama tu. Aliwaeleza kwamba kauri inazuia joto na kutu, na kwamba gari lile litamzika yeye.

Akapanga kulikodisha kwa maharusi. Lilibeba harusi mbili tu. Kisha magari ya Kijapani yaliyotumika yakaanza kupanda kutoka Dar kila wiki, yenye vioo vyeusi na kiyoyozi, na hakuna bibi harusi aliyetaka tena kutokwa jasho kwenye gari letu. Betri ikafa. Hatukununua nyingine.

Baada ya hapo macho yake yakaanza. Daktari alisema ni presha ya macho, tumechelewa. Akawa anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Madoa kwenye mabomba hakuyaona tena, ndipo akanifundisha mimi kuyafuta.

Nilikuwa nauza karoti na njegere zinazoshushwa kutoka Mgeta, milimani. Jumamosi nikitoka sokoni nilikuta ameshafungua boneti. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa cha flana. Kausha. Halafu dawa ya kung'arishia, kidogo kidogo, kwa kuzungusha mkono, na mwisho flana kavu. Siku moja doa la kahawia lilinishinda, nikachukua waya wa kusugulia sufuria. Aliusikia mlio akiwa barazani. Akaja akipapasa ukuta, akapitisha ukucha pale nilipokwangua. Hakunigombeza, ila chakula cha mchana hakukigusa.

Mwaka ule masika yalikuwa mazito. Milima hatukuiona kwa wiki nzima. Jumamosi ya kuamkia Pasaka nilikuwa nafuta bomba la nne kwa chini, kidole kikazama. Unyevu ulikuwa umeingia kwa ndani, gari likiwa limelala tu. Juu kauri ilikuwa nzima, nyeupe, imebaki kama ganda la yai. Chuma chenyewe kilikuwa kimegeuka unga mwekundu. Nikagusa la tatu. Hivyohivyo.

Aliniuliza yanaonekanaje. Nikamwambia yanang'aa.

Nilisema hivyo kila Jumamosi, mvua zikaisha, baridi ya Juni ikaja. Nilisugua upande wa juu, chini sikupeleka mkono. Nikilala nilijiambia kesho nitamweleza. Asubuhi nilimwona anatafuta viatu vyake kwa miguu, nikamsogezea na kwenda sokoni.

Mwezi wa saba aliniambia nimsogezee kiti, anataka kuyashika mwenyewe. Nikamsogezea. Alipapasa la kwanza taratibu, akatabasamu kidogo. Kisha akapitisha mkono chini. Nilisikia vipande vikidondoka. Hakuutoa mkono.

"Ulijua?" akauliza.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

"Mbona uliendelea kusugua?"

"Sikujua nifanye nini kingine."

Akatikisa kichwa. "Hata mimi nisingejua," akasema. Aliniomba flana, akafuta mkono wake, kidole kimoja kimoja, akafunga boneti.

Wanunuzi wa chuma chakavu walikuja kulichukua gari kabla ya vuli. Yeye alibaki chumbani. Kijana wao aligonga mabomba kwa nyundo ili ajue uzito wa chuma kilichobaki, na kauri yote ikapukutika chini. Nilizoa vile vipande kabla lori halijaondoka, nikavitupa kwenye shimo la taka asije akavikanyaga. Usiku aliniuliza kama waliyafungua kwa uangalifu. Nikasema ndiyo. Sidhani kama aliniamini, wala hakuuliza tena.

Mwaka uliofuata giza lilimfunika kabisa. Pale lilipokuwa gari nilipanda mchicha. Ulitoka mwembamba, wa njano, ukafa ungali mdogo. Udongo ule ulikuwa umekunywa oili kwa miaka mingi.